Maneno Yasiyohitaji Meno

Tk.

Hivyo ndivyo ilivyolia kastabini ya Fundi, ile kofia ndogo ya chuma ya kidole cha kati, alipoigonga kwenye ubao wa cherehani. Tk moja, kavu, isiyo na mwangwi. Maana yake ilikuwa moja tu: neno lililosemwa sasa hivi limempendeza. Lingeweza kutoka kwa mteja, kwa muuza maziwa, au kwa mtoto anayelilia sambusa. Mtu anapita barabarani anamwambia mwenzake, "Leo kuna umande," na Fundi, mguu ukiwa bado kwenye pedali, hata kichwa hainui: tk. Mpita njia anakwenda zake, hajui kuwa ametuzwa. Mimi nilijua, na kwa miaka mitatu nilikaa pale kibarazani nikiitafuta ile tk kama wenzangu walivyotafuta hereni.

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoanza kumshonea vifungo, mwaka wa tisini, hapa Biryogo, Kigali. Shule niliiacha darasa la sita, baba alipofariki, ila kichwani nilikuwa mtangazaji wa redio. Nilitangaza mechi za kuku, nilitangaza mvua, nilitangaza mama anavyosonga ugali. Fundi alinisikia siku moja nikitangaza kifungo kilichopotea chini ya meza, akasema, "Binti, unasema mbio. Neno halifukuzwi na polisi." Ndiyo yalikuwa mapatano yetu ya kazi.

Jina lake nitaliacha. Mafundi wa nguo walijaa mtaa mzima, lakini ukisema "Fundi" bila kuongeza kitu, kila mtu alijua ni yule mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Na alikuwa na kazi ya pili, iliyomletea heshima kuliko suruali. Alikuwa msemaji wa kuombea watu wake.

Huku kwetu desturi ya kuomba mke ni ya Kinyarwanda, ila kinywa ni cha Kiswahili. Pande mbili hukaa zikitazamana. Kila upande una msemaji wake, na yule wa upande wa mume, umukwe mukuru, kazi yake ni kuomba kwa maneno mazuri. Mwenzake wa upande wa mke atamtania, atamzungusha, atajifanya hajui wageni wamefuata nini. Mahari itakuja baadaye. Kwanza wanasikiliza kinywa. Mwenye maneno makavu hurudishwa nyumbani mbele ya watu, na aliyerudishwa mara mbili haji tena. Kaka yangu Hamidu alikuwa ameshatumia mara yake ya kwanza. Mwaka wa tisini na mbili Fundi ndiye alikuwa tumaini lake la mwisho. Nitafika huko. Kwanza mtu mwenyewe.

Mtu mwenyewe alikuwa na maneno aliyoyapenda kama wengine wanavyopenda peremende. "Umande." "Lulu." "Polepole." Alipenda "alinilea" kwa namna ambayo ulimi, alisema, unabembea. Ya Kinyarwanda alipenda "buhoro buhoro," yaani polepole ile ile, na "umuyaga," upepo, na akiyatamka alifumba macho. Kifaransa hakukijua, lakini alikuwa na mteja, dereva wa nyumba moja kubwa ya Kiyovu, na alimpunguzia bei ya viraka kwa sharti kwamba kila akija alete neno moja la Kifaransa, bila maana yake. Maana, alisema, itamharibia sikio. Dereva alimletea mengi, mengi yakatupwa. Moja lilibaki: libellule. Fundi alilitamka "libelili," na akampa paka wake jina hilo. Baada ya mwaka mzima, siku moja dereva akasahau sharti.

"Mzee, na wewe kwa nini uriita paka jina ya mdudu? Ile ni mdudu wa kwenye maji, ule wa mabawa ine."

Fundi akasimamisha cherehani. "Kereng'ende?"

"Ndiyo, huyo huyo."

"Kereng'ende," akarudia Fundi, polepole, akilizungusha mdomoni. "Ke-re-ng'e-nde. Alaa! Kumbe na sisi tulikuwa naye, tena mzuri kumshinda, na tulikuwa tunampita tu!" Tk.

Hakuwahi kumcheka mtu kwa Kiswahili chake. Kigali hapa mtu mmoja amekileta kutoka Bukavu, mwingine Kampala, mwingine kakiokota sokoni, na herufi ya ra na ya la zinabadilishana viti kama watu kwenye msiba. Kijana mmoja aliyekulia Ujiji alikuja kibarazani akamcheka yule dereva. Fundi akamwambia, "Neno haliombwi kitambulisho. Likija, lipishe likae." Zilikuwa siku za kuonyesha vitambulisho vya kabila kila kona, kwa hiyo kijana alinyamaza, na sisi tulionyamaza naye tulikuwa wengi.

Watu walimletea barua. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, kama kuku aliyekimbizwa juu ya karatasi, basi mimi niliandika na yeye alisikiliza. "Barua isiyosomwa kwa sauti," alikuwa akisema, "ni nguo isiyopimwa." Siku moja mama jirani alikuja kumwandikia mwanawe aliyekwenda Bujumbura asirudi.

"Andika," mama akaniambia, "nimekasirika kwa sababu hunijulishi hali yako."

Nikaandika, nikasoma. Fundi akavuta pumzi kwa pua, kama mtu aliyenusa nguo yenye unyevu. "Isome tena. Mama, wewe sikia. Inakubana wapi?"

"Hapo kwenye 'hunijulishi.' Kama ya karani."

"Na wewe si karani. Mwaka huu mzima ulikuwa unafanya nini?"

"Ningefanya nini? Nilikaa mlangoni."

Tk. Tukaandika: Mwanangu, nimekaa mlangoni mwaka mzima. Tukaishia hapo. Mwanawe alirudi kabla mahindi hayajakauka, akiwa na mkeka na redio, akalia kuanzia kona ya msikiti mpaka kwao.

Sasa usidhani alikuwa mtu wa asali. Alikuwa na hasira za ghafla. Mteja akimharakisha alimwambia, "Nenda uchi, Kigali haina baridi." Hakuweza kuimba, akijaribu, paka alitoka. Na kwa mkewe, mama mnene mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, maneno yalimwisha kabisa. Nilimuuliza mama huyo Fundi alimwombaje enzi zao. Akashika mbavu. "Huyu? Alikuja na rafiki yake ndiye aseme! Yeye alikaa kwenye kiti anatoka jasho kama mtungi. Maneno yote ni ya kuwaombea wenzake. Mimi naambiwa, 'Chai iko wapi?'" Fundi alikuwa pale pale anasikia. Akainamia kitambaa, akashona mshono uliokwisha kushonwa.

Jambo moja tu lilimfanya awe baridi. Vyama vya siasa vilikuwa vimeanza, na mikutano, na fulana za rangi. Akaja mtu aliyevaa vizuri, mwenye sauti nzuri kweli, akataka hotuba ya kusisimua. Akatusomea mwanzo aliouandika mwenyewe. Ulikuwa na mizani, nakiri; mguu wangu ulianza kuupigia. Halafu nikasikia unachosema. Ulikuwa ukiwaita majirani majina ya wadudu. Fundi akasikiliza mpaka mwisho. Kastabini haikulia.

"Mashine imeharibika," akasema.

"Mzee, sikuja kushona nguo."

"Najua. Na hiyo uliyoleta imeshonwa vizuri sana. Ila ni sanda. Sishoni sanda ya mtu ambaye hajafa."

Yule mtu aliondoka akiwa amekunja karatasi yake mara nne. Jioni Fundi akasema, "Ndiyo maana lazima usikilize mara mbili, binti. Mara ya kwanza sikio, mara ya pili tumbo."

Haya, sasa kaka yangu.

Hamidu alikuwa fundi wa baiskeli na alimpenda Zuhura, wa Nyamirambo ya juu, tangu siku alipomletea tairi lililotoboka na kumlipa kwa ndizi. Baba hayupo, basi baba mdogo, ambaye kazi yake ni tanuri la matofali, alisema kuomba mke ni kazi ya ukoo, haikodishwi kwa mshona nguo. Tukaenda. Upande wa pili msemaji alikuwa baba mkubwa wa Zuhura, mzee mpana aliyezaliwa Ujiji, ndiye aliyempa yule binti jina lake na alijivunia Kiswahili chake kama wengine wanavyojivunia ng'ombe. Baba mdogo akasimama, akakohoa, akasema, "Tunahitaji huyu msichana wenu Zuhura kwa ajili ya kuoa. Tuambieni masharti."

Baba mkubwa akauliza, "Umekuja kununua saruji?"

Chumba kizima kilicheka, na wa kwetu wawili walicheka. "Rudini mkajifunze kuomba," akasema. "Mkija tena, mje na mtu mwenye kinywa. Kuna karani wa Kimihurura, watu wake wanakuja baada ya wiki mbili."

Tulishuka ule mlima bila kutazamana. Usiku ule Hamidu hakula. Asubuhi baba mdogo mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa Fundi, kofia mkononi.

Fundi alikubali, akasema atamshonea Hamidu na kanzu. Siku ikapangwa, Jumapili alasiri. Na Ijumaa, baada ya sala, akiwa anamalizia pindo la kanzu ile ile, Fundi akafanya kile alichokataza kila mtu pale kibarazani kufanya miaka yote: hakutafuta mkasi, aliukata uzi kwa meno. Ulikuwa uzi wa nailoni. Nilisikia kitu kikikatika na haukuwa uzi.

Meno yake manne ya mbele yalikuwa ya kubandika; sikuwa najua. Yalianguka juu ya kanzu vipande vitatu. Akayatazama. Akanitazama. Akafungua mdomo kusema, na kilichotoka kilikuwa upepo.

Hamidu alikuwa ameketi ngazini akitengeneza pampu. Akasimama. "Fundi? Sema kitu."

Fundi akajaribu: "Usi... usiogope." Ilikuwa "uffi," halafu filimbi ndefu, halafu mate.

"Iko inapiga firimbi kama porisi!" Hamidu akashika kichwa. "Nimekwisha. Dada, nimekwisha kabisa. Baba mkubwa atasema nimemletea birika!"

Mtengeneza meno aliyekuwa karibu alisema wiki mbili. Kuahirisha hakukuwezekana, karani wa Kimihurura hakuwa na tatizo la meno. Mama Fundi alileta chai, na safari hii hakucheka.

Kisha Fundi akaanza kunong'ona, neno moja moja, mkono mbele ya mdomo, kama mtu anayejaribu funguo mlangoni. Nikaona ananiashiria kalamu. "Mama," akasema. Lilitoka zima. "Baba. Maji. Uji. Moto. Mtoto. Lala." Yote mazima, laini, hata laini kuliko zamani. Akatabasamu kwa mara ya kwanza, pengo likaonekana lote. "Haya tuliyajua kabla ya kuota meno."

Basi tukafanya kazi Ijumaa ile na Jumamosi yote. Mimi namtupia neno, yeye analionja, likipuliza tunalitupa. Harusi, likatupwa. Furaha, asante, zawadi, heshima, familia, sisi, yote yakaenda. Nilishangaa jinsi maneno ya sherehe karibu yote yanavyodai meno. Tukachukua adabu, jamaa, moyo. Mapenzi hayakupita. Nikasikitika, lakini Fundi akapunga mkono kama anayefukuza nzi: neno hilo limechoka, ni la kwenye kanga. Salamu tukampa baba mdogo, kwa sababu hiyo hata yeye asingeweza kuiharibu. Nilipomletea "umande" na hatukupata pa kuliweka, Fundi alilikataa kwa uchungu wa mtu anayemwacha mgeni mlangoni. Sentensi moja niliitengeneza mimi. Alinitazama, akaisema, akagonga kastabini.

Jambo moja tu lilitushinda. Kwa desturi, lazima baba mkubwa aulize: binti gani, huku mabinti ni wengi. Na jibu lake ni jina. Na jina ni Zuhura. Tulilijaribu kwa njia zote. Lilitoka kama nyuki ndani ya chupa. Jumamosi jioni Fundi alifunika cherehani akasema, "Tutaona." Hayo "tutaona" yalinikosesha usingizi.

Jumapili tulipanda kwa miguu. Kanzu ya Hamidu ilikuwa na pindo lililomalizwa na mimi, kwa mkasi. Wakatukalisha upande wa dirisha. Baba mkubwa akamwona Fundi, akakaa sawa, akafurahi waziwazi, kwa kuwa mwenye kinywa amepata mwenzake. Baba mdogo akatoa salamu, ikapita salama. Fundi akasimama. Alikuwa na namna yake mpya ya kushusha mdomo wa juu ili pengo lisionekane, na ikamlazimu aende taratibu, kila neno peke yake, sauti ya chini kabisa. Watu wakainama mbele kumsikia. Hata jikoni masufuria yalinyamaza.

"Wenyeji wetu," akasema, "tumekuja mikono mitupu na moyo uliojaa. Tumetoka Biryogo kwa miguu, polepole, kama anayebeba maji kichwani, maana tunaloomba ni kubwa, na anayeomba kubwa hakimbii. Kijana wetu ana nyumba. Ana kitanda, ana mkeka, ana taa. Lakini taa haijui kuwaka, ikiwa hakuna anayengojewa. Tumekuja kuomba wa kungojewa."

Ile ya taa ilikuwa yangu. Nilitazama miguu yangu nisije nikapaa.

Kutoka upande wa wanawake mtu mmoja alisema "Eeh!" kwa sauti ndogo, kama aliyechomwa na sindano. Baba mkubwa alikuwa anayaonja maneno. Nilimjua mtu anayeonja; nilikuwa nimekaa miaka miwili mbele ya mmoja. Kisha akakumbuka kazi yake, akajipanua kitini.

"Wa kungojewa! Mwenzangu, hapa kwangu wa kungojewa ni wengi, hata bibi yao bado anangojewa." Watu wakacheka. "Mtaje unayemtaka. Nisije nikakupa bibi."

Hamidu akanishika mkono akaubana. Niliona jasho likitoka chini ya kofia ya Fundi, likashuka kwenye uzi mweusi wa miwani. Hakuangalia karatasi, kwa sababu kwenye karatasi hapakuwa na kitu. Alimtazama baba mkubwa, kidogo, kwa upole, kama anavyomtazama mteja kabla ya kumpima.

"Jina lake ni tamu mno," akasema. "Nikilitamka, nitakuwa nimeonja pilau la wenyewe kabla ya kunawa mikono. Litamke wewe, uliyempa."

Yule mzee mpana alifungua mdomo kutania. Badala yake uso wake wote ulilegea. Nadhani tangu siku alipolitoa jina lile hakuna mtu aliyewahi kumwomba alitamke. Alinyoosha shingo kuelekea mlango wa ndani, na akaliita kwa sauti ya zamani sana, ya kumwita mtoto mdogo arudi ndani mvua inakuja.

"Zuhura!"

Vigelegele vilianza kabla hajatokea. Baba mdogo alimkumbatia mtu asiyemjua. Hamidu alilia ndani ya kanzu mpya, na mimi nilitangaza kila kitu kichwani, kwa sauti kubwa, kwa nchi nzima. Baba mkubwa alivuka chumba, jambo ambalo msemaji hafanyi, akamshika Fundi mabega yote mawili. "Miaka yote nakusikia," akasema, "hujawahi kusema hivi. Ulikuwa na haraka siku zote. Leo umetulia kama maji." Fundi aliinamisha kichwa kwa adabu, midomo imefungwa kabisa, na watu wakasema tazama unyenyekevu wa yule mzee.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka uliofuata. Binti yao aliyeolewa Kigoma aliwataka wote wawili wakaishi kwake, na cherehani ilishatangulia kwenye lori. Nilikwenda kituo cha mabasi ya mpaka wa Rusumo na chapati alizopika Zuhura, ambaye wakati ule alikuwa mzito na hawezi kushuka mlima. Paka alikuwa ndani ya kapu akilalamika. Fundi alikuwa na meno mapya, meupe kama sahani za hoteli, na kwa meno hayo alinipa maagizo mengi ya kawaida: kabati la vitambaa lipakwe mafuta ya taa, deni la vifungo lisamehewe, nisiseme mbio. Mama Fundi alimwita mara mbili. Kondakta akapiga ubavu wa basi.

Akaanza kupanda, akasita kwenye ngazi. Akageukia pembeni, akatoa leso, akaikunja juu ya kitu cheupe, na alipogeuka tena uso wake ulikuwa ule wa Jumapili ile, umeshuka na kulainika.

"Mwanangu," akasema taratibu, na kelele zote za kituo sikuzisikia, "maneno uliyonipa ni mengi kuliko niliyokupa. Kaa ukiyaonja."

Mimi, mtangazaji wa nchi nzima, nilimpa chapati tu. Mlango ukafungwa, basi likazunguka nyuma ya maduka, mkono wa Mama Fundi ukipunga kutoka dirishani mpaka vumbi likaufunika.

Nilitembea mpaka nyuma ya kibanda cha muuza mkaa, ambapo hapakuwa na mtu. Nikaikunja midomo juu ya meno yangu yote, mazima, nikaifunga vizuri. Nikangoja pumzi ikae.

"Nenda, baba," nikasema. "Urudi."